Lori la jeshi, nia njema na usingizi wa jirani

Ndugu msomaji, chombo kilichoundwa kwa ajili ya vita kinakuwa cha kheri kwa kubadilishwa kazi tu? Au kuna jambo linabakia ambalo mmiliki wake ataulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu (S.W.)? Swali hili sikulipata kitabuni. Limenikuta nyumbani kwetu Jadida, Wete, na limetugharimu fedha pamoja na maneno mazito baina yangu na ndugu yangu wa tumbo moja.

Marehemu baba yetu alituachia lori aina ya Bedford, la tani nne, lililokuwa mali ya jeshi la Uingereza. Jeshi hilo lilipoyaondoa kazini magari yake ya aina hiyo liliyauza, na baadhi yakageuzwa kubeba watalii wanaovuka bara la Afrika kwa barabara. La kwetu lilipita njia hiyo hiyo. Baba alilinunua Mombasa mwaka 2006, likavushwa bahari hadi Mkoani, akalipaka rangi ya buluu. Ukilikwangua kidogo tu, chini unaikuta ile kijani ya jeshi. Juu ya paa la kibini kuna tundu la duara lenye kifuniko, ambalo askari alikuwa akisimama na kutokeza kichwa na silaha yake. Sisi hulifungua kupata upepo.

Ni gari gumu. Injini yake ni ya dizeli, silinda sita, na magurudumu yote manne yanavuta, hivyo njia za udongo za mashambani ambazo magari mengine huzikimbia wakati wa mvua, hili linazipanda. Tatizo ni vipuri, kwani Bedford haitengenezi tena malori. Kikivunjika kitu, ama fundi akichonge, ama tungoje mtu anayetoka Mombasa. Pamoja na hayo, msimu wa karafuu ukifika hakuna chombo tunachokitegemea zaidi. Alfajiri linapeleka wachumaji na majamvi yao upande wa Mzambarauni, jioni linarudi na magunia ya karafuu mbichi. Mdogo wangu ndiye dereva. Mimi kazi yangu ni kusomesha Maarifa ya Uislamu sekondari, lakini shule ikifungwa nami hushika usukani.

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba nikiwa juu ya lori lile mtu mwingine huniingia ndani. Kwenye njia ya Konde gari ndogo zinanipisha kabla sijapiga honi. Vijana wananipungia mkono. Mdogo wangu alifika mahali akataka tuikwangue rangi ya buluu turudishe kijani, kwa hoja kwamba watu wa harusi wangelikodi zaidi. Nilimkatalia kwa kumkumbusha kwamba mwaka 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi yanayofanana na ya kijeshi, basi lori je? Aliacha. Lakini nilijua kwamba nimemjibu kwa kuogopa dola, sikumjibu kwa dini.

Jibu la dini lipo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa farasi ni wa watu wa aina tatu. Yupo ambaye farasi kwake ni ujira, kwa kuwa amemfuga katika njia ya Mwenyezi Mungu. Yupo ambaye kwake ni sitara, anajitafutia riziki kwa farasi huyo asiombe watu, na hasahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyomo ndani yake. Na yupo ambaye kwake ni mzigo wa dhambi, kwa kuwa amemfuga kwa fahari na kujionesha. Zingatia kwamba farasi, chombo kikubwa cha vita cha zama zile, ni mmoja tu. Kilichogawanyika ni nyoyo za wenye farasi.

Aidha, katika Surat Al-Hadiid, aya ya 25, chuma kimetajwa kwa ukali uliomo ndani yake na pia kwa manufaa yake kwa watu. Na Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma, akaamrishwa kukifanya mavazi ya kumkinga mtu, kama tunavyosoma katika Surat Sabaa. Kwa mantiki hiyo nilijiona niko salama. Lori halina dhambi, nia yetu ni riziki ya halali, zaka ya karafuu tunatoa. Tumo katika kundi la sitara. Nikafunga mjadala.

Aliyeufungua ni jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima anayekaa peke yake karibu na njia ya kuingilia kwetu. Msimu mmoja baada ya baba kufariki, karafuu zilizaa sana na mdogo wangu akawa anarudi na mzigo usiku, wakati mwingine saa nne, saa tano. Mjukuu wa bibi yule, ambaye ni mwanafunzi wangu, aliniambia kwa adabu kwamba lori likiingia usiku bibi yake hushuka kitandani akakaa chini, nyuma ya mlango, mpaka kuche.

Msomaji wa Pemba hahitaji kuelezwa zaidi, lakini wa kwingine anahitaji. Tarehe 27 Januari 2001, maandamano ya wafuasi wa CUF ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000 yalikabiliwa kwa risasi, Unguja na hapa Pemba, Wete ikiwemo. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja watu 31 waliouawa. Watu zaidi ya 2,000 walikimbia kwa vyombo vya baharini hadi Shimoni, Kenya. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 12. Ninachokumbuka ni mkono wa mama kinywani mwangu na mlio wa lori nje, usiku, na sote tukisikiliza kama litapita au litasimama.

Kwa hiyo nilimwelewa bibi yule mara moja, na nikaona aibu kwamba ilibidi niambiwe.

Mdogo wangu alizaliwa baada ya mwaka ule. Nilipomweleza, alinipa hoja tatu. Kwanza, miaka mingi imepita. Pili, Fuso na Isuzu za watu zinapita usiku na hakuna anayezilaumu. Tatu, huyu ni mtu mmoja, na karafuu ni riziki ya watu wengi. Hoja zake si za kipuuzi. Karafuu mbichi haingoji: ikirudi kutoka shamba inatakiwa ichambuliwe usiku ule ule ili asubuhi ianikwe. Ikilala ndani ya gunia hupata joto, ikawa mpeta, na mpeta haina bei. Tena lori si letu peke yetu. Mama ana thumuni yake na dada zetu wawili wana mafungu yao. Nikilizuia, nazuia haki za watu wengine.

Nikarudi kwenye vitabu vyangu, na humo nikakutana na mambo mawili niliyowahi kuyasomesha bila kuyaona. La kwanza limo katika Sunan ya Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenziwe akaenda akachukua kamba aliyokuwa nayo, na yule aliyelala akashtuka. Hapo Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Tazama, ni kamba tu. Haikuwa silaha na hakuna aliyeumia. La pili limo katika Bukhari na Muslim: anayepita msikitini au sokoni na mishale ameamrishwa avishike vichwa vyake, asije akamgusa mtu. Mwenye mishale hakuulizwa nia yake. Huenda alikuwa anakwenda kuwinda ili alishe watoto. Hakukatazwa kumiliki mishale, wala kupita sokoni. Aliambiwa avishike vichwa.

Hapa ndipo nilipoona kosa langu. Nilidhani nia njema inamaliza hesabu. Nia inaniweka mimi sawa na Mola wangu, lakini jirani haioni nia yangu. Yeye anakutana na chombo chenyewe, kwa sauti yake na kwa saa kinayopita.

Historia ya nchi yetu ina fundisho linalofanana na hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mpango wa karanga Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta mitambo iliyobaki vitani, na hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa visiki. Kwa kutazama tu, hakuna toba ya chuma kubwa kuliko hiyo, kifaru kulima chakula. Lakini udongo wa Kongwa uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua hazikuaminika, na mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Wagogo wenye kuijua ardhi ile na mvua zake hawakuwa na sauti katika mpango huo. Chuma kilibadilishwa kazi, lakini tabia ya kuingia mahali pa watu bila kuwauliza ikabaki ile ile.

Nami sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimesoma hadithi, nimepima hoja, nimebishana na mdogo wangu, na bado sikuwa nimepiga hodi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikaenda baada ya sala ya Alasiri.

"Karibu maalim, kaa kitako," alinipokea.

Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba lori tumelipaka rangi upya, buluu iliyokoza, halina tena sura ya jeshi.

"Mwanangu, rangi mimi siioni siku hizi, macho yameshachoka. Mimi nasikia mlio tu. Mchana hunisumbui, najua ni nyinyi mnakwenda shamba. Usiku ndio silijui ni la nani."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote ile hakusema. Akanitazama kama ninayeuliza jambo la ajabu.

"Baba yako alinijia ule mwaka alolileta, akaniuliza. Nikamwambia haya haya nilokwambia wewe. Tangu siku hiyo halikupita hapa usiku mpaka anakufa."

Sisi watoto tulikuwa tukimwona baba analiacha lori njia kuu baada ya Magharibi na kurudi kwa miguu. Tulidhani ni taa mbovu. Tena tulimcheka.

Tuliitisha kikao cha warithi. Mama alikubali kabla sijamaliza kusema. Dada mmoja naye alikubali. Wa pili, ambaye ana watoto wanaosoma, aliuliza gharama itatoka wapi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Tukaafikiana hivi: baada ya Isha lori halipiti njia ile. Mzigo unashushwa njia kuu na kumaliziwa kwa gari la ng'ombe, na ujira wa mwenye ng'ombe unatoka katika mafungu yetu sisi wawili wa kiume. Kazi imekuwa ndefu. Kuna usiku uchambuzi unapita saa sita, na wachumaji wananung'unika. Mdogo wangu anatii, lakini hajaridhika, na bado anauliza kuhusu Fuso za watu.

Jibu langu kwake limo mwishoni mwa hadithi ile ile ya farasi. Masahaba waliuliza: na punda je? Mtume (S.A.W.) akawarejesha kwenye aya mbili za mwisho za Surat Az-Zilzala, zinazotaja uzito wa chembe, wa kheri na wa shari. Kwa ufahamu wangu, chombo kisichotajwa kwa jina kimeingia humo, iwe punda, Fuso au Bedford. Fuso ya mwenzangu ataulizwa mwenyewe. Mimi nitaulizwa hili la kwetu.

Ndugu yangu wa mjini, huenda huna lori. Lakini una gari lenye vioo vyeusi, au honi unayoipiga saa saba usiku ufunguliwe geti, au mbwa mkali, au cheo kinachowafanya watu wanyamaze ukiingia. Huenda vyote umevipata kwa halali na nia yako ni safi. Hata hivyo, nenda kamuulize anayekaa nyumba ya tatu. Baba yangu hakuwa na shahada yoyote, na aliuliza mwaka ule ule wa kwanza. Mimi niliyesoma chuo kikuu nimechelewa.

Wallahu a'alam.