Usiongeze moto, safisha magurudumu



Wapendwa vijana, treni iliwahi kufika Nachingwea. Reli ilitoka pwani hadi huku wakati wa ule mradi wa karanga wa Waingereza, mradi ukafa mwaka 1951, na miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Watoto wa leo treni wanaiona kwenye simu tu. Ndiyo maana mtoto mmoja wa parokiani alipoletewa na mjomba wake treni ndogo ya umeme, ya kuchezea, sebule ilijaa watu.

Lakini kichwa cha treni kilikuwa kinakwenda kwa kushtukashtuka. Hatua mbili, kimezima. Vijana wakapiga kelele: "Ongeza moto!" Moto ukiongezwa, kinaruka kama panzi, halafu kinazima tena.

Fundi redio wa jirani akakiangalia, akasema mota ni nzima na umeme upo. Treni ya namna hii haina waya wa kuivuta. Umeme unatoka kwenye reli, unapitia magurudumu, ndipo unafika kwenye mota. Gurudumu likishika utando mweusi, umeme unakatika njiani. Akalowesha kitambaa cha pamba kwa spiriti, akafuta reli na gurudumu mojamoja. Kwa kibanio akatoa nywele na nyuzi zilizojiviringisha kwenye ekseli. Mwisho akaweka tone moja la mafuta kwa ncha ya sindano. Tone moja tu, maana mafuta yakizidi yanamwagikia reli na kukusanya vumbi jipya. Kisha akaijaribu kwa mwendo wa pole kabisa. Alisema mwendo kasi unaficha ubovu: treni inaruka sehemu chafu kwa nguvu ya mbio zake. Ikienda polepole bila kukwama, hapo imepona.

Vijana, hapo ndipo penye somo letu.

Kijana mmoja wa Ruangwa aliniambia, na ameniruhusu niandike: "Frateri, nasali rozari kila siku, mkesha sikosi, mbona moyo umekauka?" Tukaongea taratibu. Yeye na kaka yake hawasalimiani tangu msimu wa ufuta uliopita, sababu ya mgao wa hela. Mama yao anapika chungu kimoja, wao wanakula kwa zamu wasikutane. Na yeye, kila akisikia ukavu, alikuwa anaongeza novena.

Mkesha ni mzuri, novena ni nzuri. Lakini mkeshani tunakwenda kasi: ngoma, nyimbo, watu wengi. Mwendo wetu wa kweli unaonekana Jumanne asubuhi, uko peke yako, na kaka yako anapita uani.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaeleza doa la dhambi kwa mfano wa dhahabu au fedha: inapoteza mng'ao kwa kugusana na kitu kingine. Ndivyo roho inavyofifia inapojishikiza kwa kitu kisichostahili. Mungu hajapunguza neema yake hata kidogo. Sisi ndio tunaweka utando kati yetu na Yeye. Na Bwana wetu, katika Mathayo 5, hasemi tuongeze sadaka. Anasema tuiache kwanza mbele ya altare, twende tukapatane na ndugu.

Basi tufanyeje? Kaa kimya dakika kumi, pitia siku zako polepole, gurudumu mojamoja: hela, simu, mwili, maneno, watu wa nyumbani. Utakapokwama, usiruke, paandike. Halafu nenda kitubio. Mimi frateri siwezi kukuondolea dhambi. Mamlaka hayo Kristo aliwapa Mitume wake, na leo yuko nayo padre wako. Mwambie wazi, bila kupamba. Baada ya hapo, tone moja la mafuta linatosha: sala fupi ya kila siku unayoiweza, kuliko saba utakazoziacha Ijumaa.

Yule kijana aliungama. Kaka yake bado hajaitikia salamu. Lakini yeye anamsalimia kila asubuhi, na wakati wa kula hamkwepi tena.

Wewe je, ni nani humsalimii? Jumamosi hii muulize paroko anaungamisha saa ngapi, uende.

Mungu awabariki.