Aibu Ndani ya Usukani
Shemeji anauza pikapu yake hapa Ohio. Kaniuliza: “Shemeji, barua ya kampuni kuhusu mfuko wa hewa, lazima nimwonyeshe mnunuzi? Si hutengenezwa bure?” Bure, ndiyo. Lakini Januari 2018 Ford iliwaambia wenye baadhi ya pikapu za Ranger za 2006 wasiziendeshe kabisa, baada ya vifo viwili. Kilipuzi cha mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, amoniamu nitrati, huharibika kwa joto na unyevu; kikifyatuka, vipande vya chuma humrukia dereva. Fiqhi ya Kiislamu humpa mnunuzi hiyari ya kurudisha kitu chenye aibu, yaani kasoro, hata muuzaji asipojua. Anayejua akanyamaza ana dhambi. Linalonisumbua ni yule asiyefungua barua makusudi, ilhali namba ya chasisi hukaguliwa bure. Mimi namhesabu na wanaojua. Shemeji kanuna.