Mtu, munu, umuntu

Asubuhi kisimani hapa Tungue utasikia Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili katika foleni moja, na sisi tuliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tunaongeza Kirundi na Kilingala. Mara nyingi hatuelewani. Lakini liko neno moja fupi lisilohitaji mkalimani. Mswahili husema mtu, Mmakonde munu, Mmakua mutthu, Myao mundu, Mrundi umuntu, na Kinshasa ni moto (msicheke, si moto wa jikoni). Ukivuka bahari hadi Ngazija utakuta mndru. Wazulu, mbali kule kusini, wanasema umuntu kama Warundi.

Si bahati tu. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba shina letu lilikuwa upande wa mpaka wa Nigeria na Kamerun wa leo, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na wazee walipotawanyika walikwenda na mzizi huo, -ntu. Kiswahili kikaidondosha ile n. Mwaka 1862 Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Cape Town, alichukua wingi wake, bantu, akaufanya jina la lugha hizi zote. Maana yake ni watu, basi. Tazameni lilivyogeuzwa: mwaka 1953 serikali ya makaburu ilipitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu, ili mtoto mweusi asome kiasi cha kumtumikia mzungu tu. Neno lenye maana ya watu likawa alama ya wasiohesabiwa kuwa watu kamili.

Mzizi huo huo ndio unaotupa kitu. Kati ya mtu na kitu pana herufi chache za mbele, na waliotafsiri Zaburi ya 8 katika Biblia yetu ya Kiswahili waliyaweka maneno hayo mawili jirani katika swali moja. Wengi wameshavushwa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kisiwani Ibo, kusini mwetu, watumwa walipakiwa melini, na Wareno katika biashara hiyo walikuwa na hesabu yao: peça, yaani kipande. Nasi siku ya mgao tunasema, "Vichwa sita vimepokea." Vimepokea! Kiswahili chenyewe kina adabu kutuzidi. Neno kipofu limevaa ki- ya vitu, lakini hakuna asemaye "kipofu kimeingia". Ameingia.

Sasa nije kwenye lililo gumu. Tangu Mocímboa da Praia ishambuliwe Oktoba 2017, na Palma Machi 2021, tumesikia mara nyingi juu ya wale waliochinja: "Hao si watu." Anayesema hivyo pengine amezika ndugu, au hakupata hata wa kuzika, na mimi sitamkemea. Ila swali linabaki: je, mtu anaweza kuacha kuwa mtu?

Wazee wana neno la tatu la mzizi ule ule, utu. Naona utu unaweza kumwisha mtu kabisa, lakini umtu wake hauishi. Nyoka akimuuma mtoto tunamponda kichwa, kesi imekwisha. Hakuna anayemwita barazani aeleze kwa nini. Anayeitwa ajibu ni mtu peke yake. Basi ukisema muuaji si mtu, unadhani umemhukumu, kumbe umemfutia hatia, maana mnyama hana dhambi.

Tena wako vijana, wavulana kwa wasichana, waliotekwa wakapelekwa porini kwa nguvu. Mmoja wao akitokea kijijini nimesikia watu wakinong'ona, "Limerudi." Li-, kama jiwe au gogo. Najua wapo watakaosema mchungaji anacheza na herufi. Lakini aliyeitwa "li-" haulizwi alichukuliwa na nani, alilazimishwa nini, au kama alifanya kwa hiari yake. Amekwisha kuamuliwa. Na mama aliyefiwa anazihitaji sana habari hizo. Huenda huyo ndiye pekee ajuaye mwanawe alilazwa wapi.

Jumatano jioni tutaendelea na Zaburi ya 8. Wenye Biblia za Kirundi, Kilingala au Kimakua tafadhali waje nazo, tuone huko neno hili limewekwaje.