Muuguzi anapozidiwa na maafa, dhima ni ya nani?

Kila yanapotokea maafa katika nchi yetu, yapo mambo mawili ambayo hayakosi kusemwa. La kwanza ni kwamba ajali haina kinga, na yaliyotokea ni kudra ya Mwenyezi Mungu. La pili, ambalo huanza kusikika siku ya tatu au ya nne pale majonzi yanapogeuka kuwa hasira, ni kwamba manesi walizembea. Huyu atasema ndugu yake alilazwa sakafuni saa nzima bila kuguswa. Yule atasema alimwona nesi kwa macho yake akimpita majeruhi anayepiga kelele na kwenda kwa mwingine aliyekuwa kimya. Tumezizoea kauli hizi mbili kiasi kwamba hatuoni kuwa zinapingana. Ikiwa yote ni kudra na hakuna la kufanya, kwa nini nesi alaumiwe? Na ikiwa nesi anastahili lawama, basi lilikuwepo jambo lililo katika uwezo wa binadamu, na hapo ni lazima tuulize: binadamu yupi?

Hatuzungumzii mambo ya kufikirika. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua watu zaidi ya 800. Juni 24, 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko mkoani Dodoma ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Septemba 10, 2011 ikazama MV Spice Islander ikielekea Pemba. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lililopinduka Morogoro likalipuka wakati watu wakichota petroli, na idadi ya waliokufa ikapita 100, baadhi yao wakifia hospitali siku zilizofuata. Katika matukio kama haya viongozi hufika, waandishi hufika, rambirambi hutolewa. Lakini mtu anayekutana na majeruhi wa kwanza mlangoni ni muuguzi aliyekuwa zamu siku hiyo, ambaye pengine alikuwa na mwenzake mmoja tu.

Hebu tuchukue hilo la moto, maana lina hesabu inayoeleweka. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hupoteza maji kwa kasi, na asipoongezewa dripu za kutosha mapema, figo na moyo hushindwa. Kwa kanuni inayotumika sana mahospitalini, mtu wa kilo 70 aliyeungua nusu ya mwili wake huhitaji takriban lita 14 katika saa 24 za mwanzo, na nusu ya hizo ziwe zimeingia ndani ya saa nane tangu alipoungua. Wakiletwa 20 wa namna hiyo, zinahitajika lita 280, yaani chupa 560 za nusu lita kwa siku moja. Sasa mweke hapo muuguzi mwenye huruma kuliko wote, mcha Mungu asiyepokea rushwa, halafu mpe chupa 40. Au chupa ziwepo zote lakini ziko stoo, ni usiku wa manane, na mwenye ufunguo amelala kwake upande wa pili wa mji. Huruma ya muuguzi yule itamsaidia nini majeruhi wa ishirini?

Hapa ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Tumezoea kuupima utu wa muuguzi kwa kauli yake na uso wake, na ni kweli wapo wenye kauli chafu, hatuwatetei. Lakini siku ya maafa, sehemu kubwa ya wema wa muuguzi huwa imeshaamuliwa miezi kadhaa kabla, na watu wengine kabisa: aliyepanga bajeti, aliyepanga zamu, aliyeamua kwamba mafunzo ya maafa ni anasa inayoweza kusubiri. Hao hawaonekani siku ile, na ndiyo maana hawalaumiwi.

Turudi kwa yule nesi aliyempita majeruhi anayepiga kelele. Yamkini hakuwa mzembe. Yamkini ndiye peke yake aliyekuwa anajua anachofanya. Mwenye kupiga kelele ana hewa ya kutosha kifuani, na aliyenyamaza huenda ndiye anayekata roho. Wauguzi waliofunzwa kazi ya dharura hupita haraka kwa kila majeruhi, kila mmoja chini ya dakika moja: anatembea? anapumua? mapigo yapo? anaelewa anachoambiwa? Kisha humfunga alama ya rangi. Nyekundu ni wa kushughulikiwa sasa hivi, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani ni mwenye majeraha madogo, na nyeusi ni aliyekwisha kufa au ambaye kwa vifaa na watu waliopo hapo hakuna awezalo kufanyiwa.

Hiyo rangi ya mwisho ndiyo inayotisha. Siku za kawaida aliye hoi kuliko wote ndiye huanza kutibiwa. Siku ya maafa, kumng'ang'ania huyo mmoja kwa saa nzima kunaweza kuwaua watatu waliokuwa wanaokoka. Wapo watakaosema: binadamu ana haki gani ya kuamua kuwa huyu aachwe? Uhai si wa kupimwa kwenye mizani. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini tazama kinachotokea pasipo na utaratibu. Uchaguzi unafanyika vile vile! Atahudumiwa aliyepiga kelele zaidi, aliyeletwa na ndugu wengi wenye nguvu, mwenye jamaa anayefahamiana na daktari, au ambaye mkubwa fulani amempigia simu. Muuguzi asiyefunzwa anachagua kama yule aliyefunzwa, tofauti ni kwamba anachagua bila kipimo, kwa hofu na kwa shinikizo. Utaratibu uliopangwa mapema, usiouliza kabila, dini wala cheo, ndio pekee unaomlinda maskini aliyenyamaza. Na alama yenyewe si hukumu ya kudumu, kwani mwenye kazi hiyo hutakiwa kurudi na kuwapima tena, na watu na vifaa vikiongezeka rangi hubadilishwa.

Tuje kwenye kudra, kwa sababu wengi wetu hujificha hapo. Mtume (SAW) alimwelekeza mtu aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Tunaisoma hadithi hiyo tangu madrasa, lakini tunadhani inahusu ngamia tu. Bibi Rufaida wa kabila la Aslam (RA) alikuwa na hema lake karibu na Msikiti wa Madina akihudumia majeruhi, na Sa'd bin Mu'adh (RA) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq ndiko alikopelekwa. Maana yake lilikuwepo hema na alikuwepo mwenye ujuzi. Hawakungoja damu imwagike ndipo waanze kuuliza nani anajua kufunga kidonda. Hao walikuwa watu wenye imani ya kudra kutushinda sisi.

Wala jambo hili halihitaji dini moja kulielewa. Mjini Tokyo ipo hospitali ya St. Luke's, ambayo mkuu wake, Dkt. Shigeaki Hinohara, aliyekuwa ameziona siku za mabomu ya vita vya mwaka 1945, alisisitiza jengo jipya liwe na korido pana, na mabomba ya oksijeni yawekwe hata kwenye kuta za kanisa la hospitali. Wapo walioona ni ufujaji. Machi 20, 1995 kikundi kimoja kikaachia gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi, na hospitali hiyo ikapokea watu wapatao 640 siku hiyo hiyo. Kanisa na korido vikageuka wodi. Hata hivyo maandalizi hayo nayo yalikuwa na pengo: wauguzi na madaktari wengi walidhurika kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa, kwa kuwa hawakuwa na mavazi ya kujikinga na sumu.

Hilo nalo lina upande wake wa haki. Tunamdai muuguzi asikimbie, naye ameapa asikimbie. Lakini mwenye kumdai hivyo anadaiwa pia. Ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera Machi 2023, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki. Huwezi kumtuma mtu kwenye hatari bila glovu na barakoa, halafu akisita umwite mwoga.

Je, wauguzi wenyewe hawana dhima? Wanayo. Tafiti nyingi katika nchi mbalimbali zimewaomba wauguzi wajipime, na jibu linalojirudia ni kwamba wanauona utayari wao kuwa mdogo au wa wastani. Mtu anayelijua pengo lake na kukaa nalo miaka kumi, akingoja semina yenye posho, hawezi kusema yote ni ya serikali. Kujifunza kupanga majeruhi kwa rangi hakuhitaji mfadhili, kunahitaji saa chache na mtu wa kufundisha. Lakini saa hizo chache ni nani anayezitoa, wakati muuguzi mmoja anabeba wodi nzima? Hapo lawama inarudi ilikotoka.

Viwanja vya ndege vya kimataifa hutakiwa kufanya zoezi kamili la dharura angalau mara moja kila miaka miwili, na ndege huanguka kwa nadra. Hospitali zilizo kando ya barabara zetu kuu hupokea majeruhi wa mabasi mara kwa mara. Basi msomaji, ukienda kumjulia hali mgonjwa, msubiri nesi apumzike kidogo, kisha umuulize kwa adabu ni lini walifanya zoezi la kupokea majeruhi 50 kwa mkupuo, na usiku ufunguo wa stoo huwa kwa nani.