Deni Lisiloandikwa

Hapa Mabira, kwa wengi wetu mkopo mkubwa wa kwanza ni wa bodaboda. Tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, taarifa za mikopo ya benki hutunzwa, na mkopeshaji huzisoma kabla ya kukupa tena. Lipa vizuri, kesho utakopeshwa gari. Safi kabisa. Ila najiuliza: nikilipa kwa kuogopa rekodi tu, mimi ni mwaminifu au mwoga? Rekodi haijui elfu mbili ya mama ntilie. Luka 16:10 inaijua. Ndugu yangu, benki ilipe, lakini usimsahau yule asiye na pa kukushtaki. Huko ndiko uaminifu unakopimwa.