Sukari ya Shangazi ni ya Nani?

Waswahili wana methali mbili ambazo ukizilaza chumba kimoja zitapigana. Ya kwanza inasema mficha maradhi kilio humfichua. Ya pili inasema siri ya mtungi muulize kata. Moja inakuhimiza useme, nyingine inakukumbusha kwamba mambo ya ndani wanayajua wa ndani. Sasa mtu mwenye kisukari aishike ipi? Na namba za sukari yake zikishaandikwa hospitalini, kisha zikavuka mpaka kwenda nchi nyingine, zinakuwa za nani? Zake, za daktari, za serikali, au za yule aliyeleta kompyuta?

Usidhani haya ni maneno ya wasomi wa Dar peke yao. Hapa Same tulizoea kusema kisukari ni ugonjwa wa wakubwa wenye vitambi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, vingine vya mkoa wetu huu wa Kilimanjaro, ulikuta wagonjwa hawatimii hata mmoja katika kila watu mia. Upimaji wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama tisa katika mia. Unaona hesabu hiyo? Inatisha. Lakini ngoja kwanza. Ule wa zamani ulikuwa wa vijijini tu na umri haukuwa huo huo. Huwezi kuchukua moja ukatoa kwenye nyingine kama unavyotoa chenji dukani. Utajuaje basi kama ugonjwa umepanda mlima hadi Chome na Mamba, iwapo kila apimaye anakuja na kibaba chake?

Shangazi yangu analima tangawizi huko milimani. Kliniki walimwambia sukari yake ni 10, ajitahidi ishuke. Baadaye akaletewa kimashine cha kupimia kutoka Marekani. Akajichoma kidole, kimashine kikasema 180. Loo! Shangazi alikaa chini akaanza kuusia mashamba, huku akitaka kumeza vidonge mara mbili. Kumbe bwana, ilikuwa sukari ile ile. Kwetu huhesabu milimoli katika lita moja ya damu, Wamarekani huhesabu miligramu katika desilita. Zidisha 10 kwa 18 utapata 180. Hata kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu kina lugha mbili: wengine wanapoandika asilimia 7, Waingereza tangu 2011 huandika 53.

Shangazi alikuwa na watu wa kumweleza. Lakini namba isiyo na kipimo chake ikiingia katika kompyuta ya nchi nyingine, nani ataieleza? Na jina je? Ukiita "Mbwambo!" pale stendi ya Same, watageuka watu kumi. Mmoja ana jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la kitambulisho, na kila karani ataandika lake. Kwa hiyo mimi nasema kukubaliana juu ya vipimo na majina si jambo la mafundi tu. Ni jambo la maadili. Ukibeba habari za mtu, uzifikishe zilivyo. Habari iliyopotoka njiani ni uongo hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Sasa tuje kwenye siri. Wapare tuna kumbukumbu yetu juu ya kukadiriwa. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyoitwa mbiru, iliyopangwa kwa kukisia utajiri wa kila mtu. Januari 1945 watu kwa maelfu waliteremka milimani wakaja kukusanyika hapa Same kuipinga, na baadaye akina mama nao wakaingia. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu yake. Wazee wale kodi ya kichwa walikuwa wakilipa. Walichokataa ni kupimwa kwa mizani wasiyoiona, na watu wasioweza kuwauliza.

Swali lao bado liko hai. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda walikuwa wametunga zao 2019. Sheria yetu inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje. Hata hivyo sheria haijilindi yenyewe. Desemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa muda sehemu ya makubaliano ya afya na Marekani iliyohusu kupeleka taarifa za wagonjwa, kwa sababu kuna wananchi waliokwenda kuuliza. Bila muulizaji, sheria ni karatasi.

Je, tufunge milango basi, kila nchi ikae na wagonjwa wake? La hasha. Mtu wa Same akipita Holili na Taveta kwenda kuuza vitu Mombasa, kisukari chake hakibaki forodhani. Akianguka kule, daktari anahitaji kujua anatumia dawa gani. Siri inayomuua mwenyewe si heshima tena.

Nadhani tutenganishe safari mbili. Ya kwanza ni safari ya jumla. Ulaya, mradi ulioitwa BIRO, ulioanza 2005 na kuongozwa kutoka Perugia, Italia, ulitaka kulinganisha matibabu ya kisukari katika nchi mbalimbali. Hawakurundika mafaili ya wagonjwa mahali pamoja. Walikubaliana kwanza maana ya kila neno na kila kipimo, kisha kila kituo kikahesabu kwake na kutuma majumla tu. Sisi nasi si wageni wa akili hiyo. Vitabu vya MTUHA katika zahanati zetu hupeleka idadi juu, jina likabaki kitabuni.

Ya pili ni safari ya mtu mmoja anayetafuta tiba. Hapo jumla haisaidii kitu, maana daktari wa Mombasa anamtaka Shangazi, hataki wastani wa Wapare. Kwa safari hiyo daftari la kliniki, pamoja na kulowa mvua na kuliwa na mchwa, lina adabu moja ambayo kompyuta inapaswa kujifunza: haliendi popote bila mwenyewe.

Wewe unayeandika hadithi kama mimi, hapa unajua jambo ambalo fundi wa kompyuta anaweza kulisahau. Tunachukua maisha ya watu, tunabadili majina, tunajidai tumeficha. Lakini andika "mzee mmoja mwenye kengeza, fundi wa baiskeli pale Kisiwani" uone kama kuna mtu atauliza jina. Ndivyo ilivyo na namba. Ukitangaza kwamba kijiji fulani kina mtoto mmoja wa miaka 14 anayechomwa insulini, jina umelifuta lakini kijiji kizima kimeshamjua, na siku ya posa watakumbuka. Mahali padogo, hata jumla inaweza kusengenya. Kwa hiyo hesabu ndogo zichanganywe na za kata au wilaya kabla hazijatoka.

Watasema, si mgonjwa ametia sahihi? Ametia, ndiyo. Lakini mtu aliyekaa foleni tangu alfajiri, kiu imemkausha koo, atatia sahihi hata kwenye hati ya kuuza shamba. Sahihi ya mwenye shida ni nyepesi mno kubebeshwa ruhusa ya namna hiyo.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukimsindikiza mzazi wako kliniki, uliza kwa heshima maswali matatu. Namba hizi zitakwenda wapi? Nani ataziona? Na mzazi wangu akisema hapana, dawa atapata? Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, hapo ndipo ndiyo ya mzazi wako nayo itakuwa na maana.