Watu Wakisha Kazi Yao, Waagane Vipi?

 

Ndugu zangu Waislamu, katika dasturi zetu za pwani iko moja iliyo njema sana, nayo ni kutakana buriani. Mtu akisafiri hutaka buriani kwa jirani zake. Mgonjwa akiona hali imemzidi huwaita jamaa zake akawataka buriani. Na watu waliokuwa pamoja katika kazi, kazi ikisha, hupeana mikono, kila mmoja akamwambia mwenziwe, "Nisamehe, nami nimekusamehe." Hapana aionaye dasturi hii illa huifurahia, nami naifurahia. Lakini nataka kuuliza swali moja katika kurasa hizi chache, wala si swali la kupendeza: maneno hayo yakisha kusemwa, yamesamehe nini khasa?

Tutazame zamani za vyombo vya tanga. Vyombo vya Ghuba na Omani vilikuwa vikiteremka na kaskazi, vingine vikafika hatta Rufiji kupakia boriti za mikoko, na kusi likianza vikarudi kwao. Alan Villiers, baharia wa Kizungu aliyezaliwa Australia, alisafiri katika chombo kimoja cha Kuwait mwaka 1938 na 1939, akaandika kitabu kwa yale aliyoyaona. Mabaharia wa vyombo vile hawakuwa na mshahara wa mwezi. Kila mmoja alikuwa na fungu lake. Ikisha safari, pato lilihesabiwa, ikaondolewa gharama ya chakula, mwenye chombo akachukua haki yake, na yaliyosalia yakagawanywa. Na wengi katika mabaharia walikuwa wamekwisha kula arbuni kwa nahodha kabla ya kutweka tanga, hatta fungu likatoka mkononi siku ile ile lilipoingia.

Bassi wafikirie watu hao siku ya kuagana. Wamekula sinia moja miezi mingi, wamevuta foromali pamoja, wamezika wenzao baharini. Hesabu i katika daftari ya nahodha, na baharia asiyejua kusoma amesimama mbele yake. Nahodha akimwambia, "Tusameheane," yule angelisema nini illa "Nimesamehe"? Sisemi kuwa manahodha walikuwa wadhalimu. Walikuwako waaminifu, tena wengi. Nasema kuwa neno lile lilikuwa jepesi kwa mmoja na zito kwa mwenziwe.

Na sharia haikulisahau jambo hili. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kwa ile kauli yake mpya kama alivyoithibitisha Imamu Nawawi katika Minhaji, kusamehe deni lisilojulikana hakusihi. Maana kusamehe deni ni kumpa mtu mali, na mtu hawezi kutoa asichokijua. Kwa hivyo asemaye, "Nisamehe yote," na hali yeye peke yake ndiye ayajuaye hayo yote, hajasamehewa mali yoyote, ijapokuwa machozi yamemtoka.

Itazameni Hijra. Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka mwaka 622, zilikuwako kwake amana za watu wa mji ule, na wakubwa wa mji ule ule wamekula njama wamuue. Lau kuna aliyekuwa na udhuru wa kuondoka pasi na kuaga, ni yeye. Lakini alimwacha nyuma Sayyidna Ali (R.A.) azirudishe amana kwa wenyewe, mmoja mmoja, kisha ndipo amfuate Madina.

Na katika Suratul Kahfi twapata namna nyengine. Yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa (A.S.), ambaye wanazuoni wengi wasema ni Khidhri, ilipofika saa ya kufarikiana hakwenda zake kimya. Alimweleza kwanza mambo matatu yaliyomtia mwenziwe dhiki: la jahazi, la kijana na la ukuta. Hapo hapana deni la fedha. Ni deni la maelezo, nalo pia alililipa kabla ya kuondoka.

Atasema mtu, "Je, na maneno niliyomsengenya mwenzangu, nayo nimtajie?" Hapa wanazuoni wamekhitalifiana. Wako wasemao lazima umtake radhi. Na wako wasemao kuwa ikiwa hayakumfikia, umuombee maghufira na umsifu pale pale ulipomsengenya, usije ukamtia jeraha jipya kwa kutaka wewe kupumua. Mimi naelekea kwa hawa wa pili. Lakini mali si maneno. Mali hutajwa kwa hesabu yake.

Nami siandiki haya kwa kuwa ni msafi. Miaka kadha imepita, tulishirikiana watu saba kutengeneza kisima cha msikiti mtaani kwetu. Wenye nafasi walitoa fedha. Mmoja wetu, mwashi, hakuwa na fedha. Tukapatana alipwe nusu ya ujira wake, na nusu iwe sadaka yake. Daftari nilikuwa nayo mimi. Kazi ilipokwisha tulisoma Fatiha, tukala halua, tukanywa kahawa, tukatakana buriani. Baadaye nikaona siku nne za yule mwashi sikuziandika. Alikuwa akija alfajiri kuaka mdomo wa kisima kabla hatujafika, akanambia, nikamjibu, "Nitaandika." Nikajisemea: si amenisamehe mbele ya watu? Na kwa hoja hiyo nikalala raha miezi miwili.

Mwisho nilikwenda kwake, fedha mkononi. Nikamwambia, "Fundi, nina siku nne zako."

Akanijibu, "Nazijua."

"Mbona bassi ulinipa mkono ukasema umenisamehe?"

Akasema, "Mwalimu, watu wote wale wamekaa, na sinia ya halua i katikati yetu, ulitaka niseme nini?"

Nikakumbuka kuwa wanazuoni wamekifananisha kitu kilichotwaliwa kwa haya na kitu kilichotwaliwa kwa nguvu. Nilikuwa nimelisoma hilo, tena nimelisomesha.

Akazihesabu zile fedha moja moja mbele yangu, akazitia mfukoni mwa kanzu, kisha akanipa mkono wake. Safari hii hakusema kitu.

Wallahu aalam.